Maswali ya Wasomaji: Kimelea Kinapohamia Ndani ya Seli ya Kinga

Toleo lililopita la safu hii lilieleza jambo ambalo kwa wengi lilikuwa geni, kwamba wapo vimelea ambao hawazikimbii seli za kinga bali huingia ndani yake na kufanya makao humo. Leishmania hukaa ndani ya makrofaji, zile seli kubwa zinazozunguka mwilini zikimeza uchafu na vijidudu. Theileria hukaa ndani ya limfosaiti za ng'ombe, aina ya chembe nyeupe za damu. Toksoplazma huingia karibu kila seli yenye kiini, zikiwamo seli za kinga zinazoibeba kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zilizunguka neno moja: damu. Wasomaji wanauliza juu ya damu nzito, damu ya ukoo, damu isiyoingiliwa na ugonjwa. Nimechagua barua sita, nami nitajaribu kuonyesha kilichomo ndani ya neno hilo.

SWALI: Nina watoto watatu. Walilala chumba kimoja, wakaumwa na wadudu walewale, lakini ni wa pili peke yake aliyeugua kala-azar, akavimba wengu na kukonda hadi tukakata tamaa kabla dawa hazijamrudisha. Mawifi zangu wanasema ugonjwa huo umemfuata kwa damu ya upande wangu. Naomba nijue ukweli.
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, pole kwa uliyoyapitia, na ni heri ulimfikisha kwenye matibabu, kwa sababu kala-azar isiyotibiwa huua zaidi ya asilimia 95 ya wanaougua. Ila hapo kwenye neno "kuugua" ndipo penye jibu lako. Kuambukizwa leishmania, kimelea kinacholeta kala-azar, na kuugua kala-azar yenyewe ni mambo mawili tofauti. Watu wengi wanaoingiwa na kimelea hiki hawapati homa wala kuvimba wengu; miili yao hukidhibiti kimya kimya, na dalili pekee kwamba kiliwahi kupita ni alama zinazoonekana damu ikipimwa maabara. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba watoto wako wote watatu waliambukizwa, na tofauti ikawa katika yaliyotokea baadaye.

Tofauti hiyo ina vyanzo vingi, nami nisingependa jeni zibebeshwe mzigo wote. Idadi ya vimelea walioingia, umri wa mtoto, lishe yake katika miezi ile, na magonjwa mengine aliyokuwa nayo, hasa VVU, vyote huamua. Baada ya kuvihesabu hivyo, jeni nazo zina fungu lake. Mwaka 2013 kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa lilitangaza matokeo ya kulinganisha jenomu, yaani jumla ya maelekezo yote ya urithi, za wagonjwa wa kala-azar wa India na Brazili na jenomu za watu wa maeneo hayohayo ambao hawakuugua. Sehemu moja ilijitokeza kwa nguvu katika nchi zote mbili, ingawa watu wake wana asili tofauti na hata spishi ya kimelea si moja: ni eneo la jeni za HLA, kati ya zile ziitwazo DRB1 na DQA1.

Kazi ya molekuli zinazotokana na jeni hizo ni kuonyesha. Makrofaji ikishakisaga kimelea, hata kwa sehemu tu, huchukua vipande vya protini zake, huvipakia kwenye molekuli za HLA na kuvitandaza juu ya ngozi yake ili seli T, kundi jingine la seli za kinga, zije zivikague. Umbo la molekuli huamua ni vipande vipi vinavyokaa vizuri na vipi vinavyoteleza. Watu hutofautiana sana katika maumbo hayo, kwa hiyo kipande ambacho kwa mtu mmoja kinaamsha kinga mapema, kwa mwingine huenda kisionyeshwe vizuri kamwe.

Sasa tuje kwa mawifi. Kila mtoto hupokea nakala moja ya kila jeni kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na ipi kati ya nakala mbili za kila mzazi itakayomfikia ni bahati nasibu inayochezwa upya kila mimba. Ndugu wa tumbo moja huweza kurithi HLA zinazofanana kabisa, zinazofanana nusu, au zisizofanana hata kidogo. Hakuna "upande" unaoleta ugonjwa. Upo mchanganyiko wa pande mbili, na mchanganyiko huo katika kala-azar huongeza au hupunguza uwezekano kwa kiasi tu. Ukitaka kuwajibu kwa neno moja, waambie kwamba nusu ya jeni za mtoto huyo ni za kaka yao. Na kama mmoja wa wale wawili waliobaki atapata homa isiyokwisha kwa wiki mbili, mpeleke akapimwe bila kungoja, kwa maana kutougua hadi leo si hakikisho la kesho.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Ninaelewa kwamba jeni ni maelekezo ya kutengenezea protini, lakini njia siioni. Protini moja inawezaje kukizuia kimelea ambacho tayari kimeshamezwa na makrofaji?

JIBU: Swali hili ndilo nililolifurahia kuliko yote, nawe utaniwia radhi nikilijibu kwa kirefu.

Kwanza tazama mahali penyewe. Mdudu mdogo kuliko mbu, anayefyonza damu usiku, anapouma huacha leishmania kwenye ngozi. Makrofaji humeza kimelea, nacho hujikuta ndani ya kifuko. Vifuko vingine vya seli huja kuungana na hicho, vikimimina tindikali na vimeng'enya vya kusaga. Bakteria wengi huishia hapo. Leishmania, kinyume chake, huichukulia tindikali hiyo pamoja na joto la mwili kuwa ishara ya kubadilika: hukunja mkia wake mrefu, huwa mviringo, na kuanza kugawanyika humohumo katika tumbo la seli iliyokusudia kuila. Silaha ya kwanza imekuwa kengele ya kuamkia. Inabidi seli iwe na njia nyingine.

Njia hiyo iligunduliwa kwa mzunguko. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mwingereza, David Bradley, aliwadunga Leishmania donovani panya wadogo wa maabara wa koo mbalimbali, koo ambazo kwa kuzalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi huwa na wanyama wanaofanana jeni zote. Baada ya wiki mbili hivi alihesabu vimelea kwenye maini. Koo ziligawanyika makundi mawili bila ngazi ya katikati: nyingine maini yamejaa, nyingine vimelea wachache tu. Alipowapandanisha panya sugu na panya dhaifu, watoto wote walitoka sugu, na katika wajukuu udhaifu ulirudi kwa takriban mmoja kati ya wanne. Mwanafunzi yeyote wa Mendel anaisoma hesabu hiyo mara moja: ni jeni moja, na usugu ndio unaotawala. Bradley aliipa jina la Lsh.

Wakati huohuo maabara nyingine zilikuwa zikifuatilia mambo yaliyoonekana hayahusiani. Moja ilichunguza kwa nini koo fulani za panya hufa haraka kwa salmonela, ikakuta jeni iliyoiita Ity. Nyingine ilichunguza BCG, yule bakteria dhaifu wa chanjo ya kifua kikuu, ikakuta jeni iliyoiita Bcg. Zote tatu ziliangukia mahali pamoja kwenye kromosomu ya kwanza ya panya, na kwa miaka kadhaa watu waliendelea kuandika majina matatu kwa mkupuo, Lsh/Ity/Bcg, kama mtu mwenye majina matatu kwa wajomba watatu. Mwaka 1993 timu ya Philippe Gros na wenzake, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, iliipata jeni yenyewe. Waliiita Nramp1, leo jina lake rasmi ni Slc11a1. Tofauti kati ya panya sugu na dhaifu ilikuwa herufi moja, inayofanya asidi amino ya 169 katika protini, ambayo ilipaswa kuwa glisini, iwe asidi aspatiki. Kosa hilo moja huiharibu protini nzima. Mwaka 1995 walipoiondoa jeni hiyo makusudi kwa panya sugu, panya wale wakawa dhaifu kwa vijidudu vyote vitatu, na mashaka yakaisha.

Sasa njia uliyoitafuta. Protini ya Nramp1 haikai juu ya ngozi ya makrofaji. Hukaa kwenye utando wa kifuko kilekile kilichommeza mgeni, na kazi yake ni pampu: inatoa nje ya kifuko metali kama chuma na manganisi. Kimelea hakiwezi kuishi bila metali hizo. Kwa mfano, kimeng'enya ambacho leishmania hukitumia kujikinga na sumu za oksijeni zinazotoka kwa makrofaji hufanya kazi kwa kutumia chuma. Seli basi haikichomi kimelea wala haikikatikati, inakishindisha njaa. Ni kama kumfungia mwizi ghalani baada ya kuhamisha nafaka yote. Nacho kimelea hakikai bure, kwani leishmania ina pampu yake, iitwayo LIT1, inayovuta chuma kuingiza ndani, na leishmania walioondolewa pampu hiyo maabara walishindwa kukua ndani ya makrofaji. Kwa hiyo vita nzima, katika hatua hiyo, ni pampu mbili zinazovutana chuma kidogo ndani ya kifuko kisichoonekana kwa macho.

Niongeze tahadhari mbili. Lsh huamua mambo ya wiki za kwanza, kabla seli T hazijafika. Baada ya hapo jeni nyingine hushika usukani, zikiwamo zile za kuonyesha vipande nilizozieleza kwa mama aliyetangulia, ambazo kwa panya huitwa H-2. Pili, binadamu tuna jeni hiyo pia, kwenye kromosomu ya pili, lakini tofauti zilizopo baina yetu si kuharibika kwa protini kama kwa panya, bali zaidi ni tofauti za kiasi gani protini inatengenezwa. Uhusiano wake na kala-azar umeonekana katika uchunguzi wa familia mashariki ya Sudan, ila nguvu yake ni ndogo ukiilinganisha na ile ya panya.

SWALI: Nimesoma kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hapati malaria kali kirahisi. Je, huo si ushahidi kwamba kuna watu waliozaliwa na kinga imara dhidi ya vimelea?

JIBU: Selimundu ni ushahidi kwamba jeni huweza kumkinga mtu, lakini haihusu kinga kwa maana tunayoijadili hapa. Kimelea cha malaria, kinapotuletea homa, kiko ndani ya chembe nyekundu ya damu, ambayo haina kiini wala haipigani na mtu. Jeni ya selimundu huibadilisha nyumba, haimbadilishi askari.

Kuhusu kinga imara, acha nikuletee koo mbili za panya wadogo ambazo maabara za dunia nzima huzitumia, BALB/c na C57BL/6. Wadunge Leishmania major, ile inayoleta vidonda vya ngozi. C57BL/6 hupata kidonda, kikakaa majuma kadhaa, kikapona. BALB/c kidonda chake hupanuka, vimelea husambaa mwilini, na mnyama hufa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilidhihirika kwamba seli T za koo hizi mbili hutoa amri tofauti. Kwa C57BL/6 hutoa kwa wingi interferoni gama, inayoiambia makrofaji iwashe kimeng'enya kinachochukua asidi amino iitwayo arginini na kuigeuza naitriki oksaidi, gesi inayoua leishmania. Kwa BALB/c hutoa interlukini 4, inayowasha kimeng'enya kingine, arginesi, ambacho huichukua arginini ileile na kuipeleka kwenye njia ya kutengeneza vitu ambavyo kimelea kinavihitaji kwa ajili ya kukua. Malighafi ni moja, na jikoni mwa seli ileile mnapikwa ama sumu ama chakula.

Hadi hapo ungesema C57BL/6 ndiye mwenye kinga imara. Basi wape wote wawili toksoplazma ya aina isiyo kali na usubiri miezi michache. Sasa BALB/c ndiye anayekaa vizuri, akiwa na vifuko vichache vya kimelea kwenye ubongo, na C57BL/6 ndiye anayevimba ubongo. Sababu kubwa ni molekuli moja ya kuonyesha vipande, iitwayo Ld, ambayo BALB/c anayo na C57BL/6 hana. Kisha warudishe wote wawili kwenye jaribio la Bradley: wote wana ile herufi mbovu ya Lsh, na wote ni dhaifu katika wiki za kwanza za Leishmania donovani.

Kwa sababu hiyo mimi husita kila ninaposikia mtu au kidonge kikisifiwa kwa kinga imara. Swali linalotakiwa kufuata ni imara dhidi ya nini, na katika hatua gani ya safari ya kimelea hicho.

SWALI: Sisi wafugaji tunajua kwamba ndigana kali ikiingia zizini, ng'ombe wa kigeni huanguka wa kwanza na wa asili wengine husalimika. Wataalamu wanasema ni kuzoea kupe. Je, ni kuzoea au ni mbegu?
Mfugaji

JIBU: Ni vyote viwili, ndugu mfugaji, na wafugaji walilijua la mbegu kabla ya maabara.

La kuzoea ni kwamba ndama anayezaliwa mahali penye kupe wengi, akaambukizwa akiwa mdogo na akanusurika, hubaki na kinga. Lakini hilo halielezi kwa nini alinusurika mara ile ya kwanza. Ili kulielewa, inafaa kujua jinsi Theileria parva, kimelea anayeleta ndigana kali, anavyofanya kazi, nami kusema kweli sijaona kimelea mwenye hila kumzidi. Kupe anapouma, kimelea huingia kwenye limfosaiti, na tofauti na leishmania hakai kwenye kifuko: huuyeyusha utando uliomzunguka na kulala huru ndani ya seli. Kisha huiamrisha seli igawanyike bila kukoma, kama ya saratani, na kila seli inapogawanyika yeye hujishikiza kwenye zile nyuzi zinazovuta kromosomu, akagawanywa pamoja nazo, nusu huku na nusu huku. Hahitaji hata kutoka nje kutafuta seli nyingine. Ndizo hizo tezi unazozipapasa zikiwa zimevimba chini ya sikio. Ukimuua kimelea kwa dawa ya buparvakwoni, seli huacha kugawanyika, jambo ambalo saratani ya kweli haifanyi.

Kinga ya ng'ombe aliyepona inatokana hasa na seli T za kuua, zinazozitambua limfosaiti zilizotekwa na kuziangamiza. Jambo hilo lilithibitishwa Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, kwa ndama pacha wa kufanana: seli hizo zilitolewa kwa pacha aliyekwisha kukingwa na kupewa pacha ambaye hakuwa na kinga, naye akalindwa. Ilibidi wawe pacha, kwa sababu seli za ng'ombe mwingine zingekataliwa na mwili, na zinakataliwa kwa ajili ya jeni zilezile za kuonyesha vipande ambazo kwa ng'ombe huitwa BoLA.

Jeni hizo zinagusa hata chanjo. Ng'ombe wenye aina fulani za BoLA huelekeza karibu nguvu zao zote kwenye kipande kimoja cha kimelea kiitwacho Tp1. Wengine, wenye aina nyingine, hukazania Tp2. Vipande hivyo hutofautiana kati ya aina moja ya theileria na nyingine. Kwa hiyo ng'ombe wawili waliochanjwa kwa aina moja ya kimelea wanaweza kukutana na aina ya pili malishoni, mmoja akalindwa na mwingine akaugua, na kosa si la mchanjaji. Hapo utaona faida ya chanjo inayotolewa pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ya muda mrefu kuwa mchanganyiko wa aina tatu: Muguga, Kiambu 5, na ile iliyopatikana kwa nyati wa Serengeti.

Tukirudi kwenye mbegu, mwaka 2022 watafiti waliofuatilia uzao wa Boran nchini Kenya walitangaza kwamba kunusurika ndigana kali katika ukoo huo kunaambatana na aina moja ya jeni iitwayo FAF1B, na waliorithi nakala mbili za aina hiyo ndio walionusurika kwa wingi zaidi. Jeni hiyo ni ya jamii inayohusika na kuongezeka na kufa kwa seli, na hapo hasa ndipo theileria anapoutumia ujanja wake.

Na ipo theileria nyingine, annulata, ya kaskazini ya Afrika na Asia, inayopendelea makrofaji na limfosaiti B. Ndama wa Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Asia Kusini, na wa Holstein, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, walipopewa dozi ileile, Sahiwal waliugua kidogo wakapona, na Holstein wakalemewa. Kilichochunguzwa zaidi ni tabia ya seli zenyewe zilizotekwa. Za Holstein hutoa zaidi protini iitwayo TGF-beta 2 na huwa na wepesi wa kupenya na kusambaa mwilini kuliko za Sahiwal. Mnyama sugu hapa si lazima awe anaua vimelea wengi zaidi. Anavistahimili kwa kuwa seli zake zilizotekwa hazigeuki wavamizi kwa kiwango kilekile. Kwa mfugaji tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mnyama anayestahimili bado anaweza kumwambukiza kupe, na kupe akamfikishia jirani.

SWALI: Kama mambo ni hayo, je, nipime jeni zangu nijue kama nimo hatarini kupata kala-azar au toksoplazma?

JIBU: Hapana. Matokeo kama yale ya mwaka 2013 yanalinganisha maelfu ya watu na kuonyesha mwelekeo wa kundi; hayatabiri yatakayompata mtu mmoja. Chandarua chenye matundu madogo sana, kwa sababu mdudu anayeeneza kala-azar hupenya kwenye matundu ya kawaida, kitakufaa kuliko karatasi ya maabara. Kwa toksoplazma, mjamzito apike nyama ikaiva na asiguse kinyesi cha paka kwa mikono mitupu.

Liko jambo moja la kutofautisha. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro nzito katika jeni moja, kwa mfano zile za mawasiliano ya interlukini 12 na interferoni gama, au ile ya protini iitwayo CD40L ambayo seli T huitumia kuiamsha makrofaji. Hao huugua tena na tena kwa vijidudu vinavyoishi ndani ya seli, na daktari akiona mfululizo wa namna hiyo, kipimo cha jeni kina maana kwa sababu kinaweza kubadilisha matibabu.

SWALI: Safu yako inazungumzia jeni za mwenyeji tu. Kimelea nacho si kina jeni zake? Nani hasa huamua?

JIBU: Umenigusa mahali penyewe, na toksoplazma ndiyo inayojibu vizuri.

Panya wadogo wana jamii ya protini ziitwazo IRG. Interferoni gama ikilia, protini hizo hukimbilia kwenye kifuko alimojificha toksoplazma, hukizunguka na kukipasua. Ni silaha kali, na binadamu hatuna: katika jamii hiyo sisi tumebaki na mabaki machache, tukategemea njia nyingine. Wale wanaosoma matokeo ya panya na kuyahamishia kwetu moja kwa moja wangelikumbuka hili.

Aina fulani za toksoplazma zina protini mbili, ROP18 na ROP5, wanazozimimina ndani ya seli wakati wa kuingia. ROP5 hushika IRG, ROP18 huibandika fosfati, na silaha inalala. Kwa panya wa kawaida wa maabara, kimelea mmoja tu wa aina hizo hutosha kuua. Panya wakubwa ni hadithi nyingine. Ukoo uitwao Lewis hufuta toksoplazma kabisa, bila kubaki kifuko hata kimoja, na jeni inayohusika ni NLRP1: makrofaji ikishaona imeingiwa, hujilipua yenyewe mapema, na kimelea hukosa nyumba kabla hakijazaliana. Ukoo wa Brown Norway una aina nyingine ya jeni hiyo, na makrofaji zake hubaki hai zikimtunza mgeni.

Kwa muda mrefu aina zile za kuua zilikuwa fumbo. Toksoplazma huhitaji kufika kwa paka, na njia nzuri ni panya aliye hai mwenye vifuko ndani ya misuli na ubongo, kwani vifuko hivyo huchukua muda kutengenezwa. Kimelea anayeua panya kabla ya hapo amejiua mwenyewe. Iweje jeni za ukali namna hiyo zidumu? Mwaka 2013 watafiti waliacha panya wa maabara, wakachunguza panya waliotokana na wale wa porini, na wakakuta jeni za IRG zinatofautiana mno. Baadhi yao, wakiwamo wenye asili ya India, wana protini moja, Irgb2-b1, inayomdaka ROP5 kabla hajazifikia nyingine, na panya hao hunusurika aina zilezile zinazoua wenzao wa maabara. Ndani ya panya wa namna hiyo ukali wa ROP5 unatosha tu kumpa kimelea muda wa kutengeneza vifuko vyake. Sifa ya kuua tuliyoibandika kwenye aina hizo ilitokana na sisi kuwaweka ndani ya panya ambao hawakuwa wenyeji wao.